Theluji Huanza na Ndama

Watu wa Albert Park, mtaa wa Durban, walimjua Léonce kuwa ni mtu wa ng'ombe asiye na ng'ombe. Alizaliwa Masisi, kule Kivu, kwenye vilima vya majani mabichi ambako mtoto hujifunza kutaja rangi za ng'ombe kabla hajajua majina ya shangazi zake. Alisomea utabibu wa mifugo, akazunguka vijijini na mkoba wa sindano na dawa ya kupe, akaoa, akapata binti, akajaliwa na zizi lake mwenyewe. Vita vilipofika Masisi, wenye bunduki hawakuliiba zizi lile. Waliliua. Léonce aliwakuta ng'ombe wake wamelala bondeni matumbo juu, na hakuna hata paja moja lililokatwa. Hakungoja kuuliza ni nani. Alimshika Henriette mkono, akambeba Glody mgongoni, na kwa miguu, kwa malori, kwa huruma ya watu wasiowajua, wakaja kutua Durban mwishoni mwa mwaka tisini na sita.

Walipata chumba kwenye fleti ya ghorofa ya sita, familia tatu zikitenganishwa na mapazia. Henriette, ambaye mikono yake haijui kukaa bure, alipata kiti cha kusukia nywele kwenye saluni ya Mkongomani mwenzake. Léonce alivaa kizibao cha manjano akaenda kulinda magari Morningside, kwenye ile barabara ya mikahawa. Kazi yenyewe ni kumwonyesha dereva pa kuegesha, kusema "Sharp, boss," kisha kusimama mpaka boss ashibe. Hakuilalamikia. Ila Henriette aliona kwamba mumewe, aliyekuwa akija nyumbani na harufu ya maziwa na moshi, sasa alikuja bila harufu yoyote, na jambo hilo lilimtia simanzi kuliko ufukara wenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tatu, jua halijazama, mwanamke mmoja alipoegesha bakkie kuukuu, pikapu kwa lugha ya huko, akateremka na kujibana kidole kwenye mlango.

"Ai, mama yangu!" akalia.

"Pole sana, mama," Léonce akamjibu kabla hajajua amejibu kwa lugha gani.

Mwanamke aligeuka, kidole mdomoni. "Kumbe! Wewe ni wa wapi?"

"Kongo. Masisi."

"Mimi naitwa Kwamboka. Kisii. Niangalizie hii gari vizuri, kuna mataya huko nyuma, na sitaki mtu aseme mimi ndio niliua."

Léonce alidhani ni mzaha, lakini alipochungulia chini ya turubai aliona kweli mataya ya wanyama, makavu na meupe, yamepangwa kama viatu sokoni. Alipotoka mkahawani, Kwamboka alimkuta ameshika moja, akipitisha kidole gumba juu ya magego.

"Huyu alikuwa bibi," Léonce alisema. "Meno yake imekwisha. Alikuwa hawezi tena kusaga majani. Iko ng'ombe gani hii?"

"Si ng'ombe. Ni pofu. Na huyu hapa?"

Léonce alilitazama taya la pili kwa muda mrefu. "Huyu sijue."

"Ulikuwa unafanya kazi gani kwenu?"

Alipomweleza, Kwamboka aliegemea gari akasahau kidole chake. Alikuwa daktari wa wanyama, mwanafunzi wa shahada ya juu hapo Durban, na alikuwa akichunguza kundi la pofu kwenye shamba moja la wanyamapori chini ya milima ya Drakensberg, mwendo wa saa kadhaa kutoka mjini. Pofu ni swala mkubwa kuliko wote, mzito kama fahali, mwenye ngozi inayoning'inia chini ya shingo na pembe zilizosokotwa. Kwamboka alihitaji mtu wa kutembea na kundi kila siku, aone wanakula nini, nani anakonda, nani anakohoa. Mtu wa kwanza alikuwa amekimbia baridi.

Henriette alipoambiwa, aliweka kitana chini. "Unaacha kazi yulu ya kwenda kuchunga vipofu?"

"Si vipofu. Pofu. Iko mnyama."

"Na ile baridi?"

"Hata Masisi iko baridi."

"Masisi barafu haianguke toka juu," alisema Henriette. Lakini usiku huo huo alimshonea koti lake bitana mbili, na asubuhi akamfungia mkate na samaki wa kukaanga.

Shamba lilikuwa la mzee mmoja Mzungu, mjane, aitwaye Rennick. Miaka mingi nyuma, majangili walipokuwa wakiwamaliza wanyama wa pale, alikuwa amezungushia uzio mrefu wa waya kutoka mgongo wa mlima hadi chini kwenye mto. Alikuwa mtu mpole. Kila asubuhi alikaa barazani na darubini yake, akiwatazama pofu wakishuka mteremko, na furaha yake ilikuwa kuwaona wengi. Mlinzi wake mkuu aliitwa Zondi, mzaliwa wa bonde la chini ya uzio, mtu wa maneno machache na buti kubwa. Léonce na Zondi walianza kwa Kiingereza cha kuokoteza, mpaka siku ya kwanza walipoliona kundi pamoja.

"Pofu," Léonce alisema akinyoosha kidole.

Zondi alisimama. "Nani amekufundisha Kizulu? Sisi twasema *impofu*."

"Sijafundishwa. Ni jina lake kwetu."

Zondi alicheka hadi akashika magoti, na tangu siku hiyo alimwita Léonce *mfowethu*, ndugu yangu, kana kwamba mnyama yule alikuwa mjomba wao wote wawili.

Ugonjwa wa kundi haukuonekana kwa jicho la barazani. Kwamboka alimpandisha Léonce mgongoni mwa mlima akamwonyesha. Zamani, pofu walikaa juu wakati wa mvua, majani yakiwa laini. Kiangazi cha baridi kilipofika, majani ya juu yakawa magumu kama kamba na theluji ikaanza kutishia, walishuka wenyewe mabondeni kula majani ya vichaka. Uzio uliwaokoa na majangili, ukawakatia njia. Tena kulikuwa na wawindaji waliokuja kila mwaka kutoka mbali kutafuta pembe za kutundika ukutani. Hao walichagua madume makubwa, yenye nguvu, na hakuna aliyegusa majike.

"Kwa hiyo wanaongezeka," alisema Kwamboka, "na kila mwaka wanazaliwa wadogo zaidi. Mzee anaona wengi, anafurahi. Mimi naona wengi wenye njaa. Nimemwambia tupunguze majike wazee kabla ya baridi. Amesema hatampiga risasi mama wa mtu."

Moyoni Léonce alikuwa upande wa mzee.

Theluji ilianguka mwezi wa saba. Léonce alitoka nje ya kibanda chake asubuhi akakuta dunia imefutwa. Hakuna njia, hakuna mawe, hakuna rangi isipokuwa weupe uliomuumiza macho. Alichota mkononi, akaonja, akacheka peke yake kama mtoto. Kisha akasikia sauti ya chini, ya kukoroma, kutoka upande wa mto.

Kundi zima lilikuwa limeshuka hadi kona ya mwisho ya uzio, likasimama limebanana kwenye waya, nyuso zikielekea bonde ambalo hawakuweza kulifikia. Mbavu zilihesabika. Ndama walijificha chini ya matumbo ya mama zao, wakitetemeka. Barabara ya kutoka Durban ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Kwamboka hakuweza kuja, na theluji haikuonyesha dalili ya kukoma.

Siku iliyofuata mzee Rennick alikuja na trekta lililojaa marobota ya majani makavu na magunia ya mahindi.

"Dokta alisema wasipewe nafaka," Zondi alisema taratibu.

"Dokta hayupo hapa," mzee alijibu. "Hawa wanakufa mbele ya macho yangu. Wewe, Léonce, umetibu ng'ombe. Unasemaje?"

Léonce alijua. Alifundishwa, na mwenyewe alikuwa amewafundisha wengine, kwamba mnyama mwenye njaa ya muda mrefu ukimpa nafaka ghafla, tumbo lake la kucheulia huchacha na kumuua. Akili ilimwambia: kidogo kidogo, na majani tu. Lakini alimtazama ndama mmoja machoni, akamwona Glody, siku moja ya safari yao kwenye kambi ya mpakani, akimtazama mtoto mwingine anayetafuna biskuti. Alipanda trekta, akafungua gunia la kwanza kwa meno.

Waliomwaga walimwaga kwa upendo. Madume yalikuja kwanza, yakafukuza majike kwa pembe. Majike yakaja baadaye, yakafukuza yaliyo dhaifu. Ndama hawakupata punje. Kesho yake wale walioshiba walikuwa wamelala ubavu, matumbo yamevimba kama ngoma, wakisaga meno kwa uchungu. Léonce alifanya kila alichojua, akakanda matumbo, akanywesha mafuta, akalia, akasali kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Wengi walikufa wakiwa wameshiba. Ndama walikufa wakiwa na njaa. Na wale waliosalia waliendelea kusongamana pale pale palipomwagwa chakula, wakila juu ya mavi yao wenyewe, hadi kuhara kukapita katikati yao kama moto wa nyika.

Barabara ilipofunguka, Kwamboka alifika, akavaa glavu, akampasua jike mmoja aliyekufa. Mahindi yalimwagika mazima mazima juu ya theluji, ya manjano, yakitoa harufu kali ya pombe.

"Baba Glody," alisema bila kuinua uso, "ulijua."

"Nilijua, Docteur."

"Basi?"

Léonce alitaka kueleza, lakini kilichomtoka ni neno moja tu. "Macho."

Kwamboka alifuta kisu chake. Hakumgombeza. Pengine angemgombeza, Léonce asingefungasha nguo zake mchana ule ule.

Alirudi Durban, akarudi Morningside, akavaa tena kizibao chake. Henriette hakumuuliza. Alimwacha wiki ya kwanza, akamwacha na ya pili. Jumapili moja, wakitoka ibadani, Glody ametangulia mbele na watoto wenzake, ndipo alipoanza.

"Uliniambia wale ng'ombe wetu uliwakuta wamekufa wote?"

"Wote."

"Hakukuwa hata mmoja anapumua?"

"Hata mmoja. Unauliza nini sasa?"

"Niko nauliza yulu ya hawa wengine. Wa Masisi walikuwa wamekufa, tukaacha. Sikukulaumu, tulitembea pamoja. Lakini hawa wa mlimani wangali wanapumua. Mtu anaacha namna gani anayepumua?"

"Ni miye niliwaua, Henriette."

"Basi wale wamebaki wanakudai wewe, si mtu mwingine," alisema, akavuka barabara kumfuata mtoto, kwa sababu robot, ile taa ya barabarani, ilikuwa imegeuka kijani.

Léonce alirudi mlimani kabla ya mvua za kwanza. Alimkuta Kwamboka na mzee Rennick barazani, darubini imefunikwa kifuniko chake. Mzee alikuwa amezeeka. Alikuwa amesaidia mwenyewe kuzika ndama, kwa koleo, akikataa trekta.

"Dokta anataka nifanye mambo mawili," mzee alimwambia Léonce. "Niwapunguze kabla ya kila baridi, na nifungue uzio chini. La kufungua uzio nimeelewa. Hilo la kwanza limenishinda."

Kwamboka alimgeukia Léonce na kumsemesha kwa Kiswahili. "Mwambie wewe. Mimi ameshachoka kunisikia."

"Miye, Docteur? Nilikimbia nchi ambako watu walikuwa wanachagua nani afe. Leo unataka nichague?"

"Skiza, Baba Glody. Mlima una majani ya wanyama kadhaa, hauna ya zaidi. Tusipochagua, haimaanishi hakuna anayechagua. Theluji itachagua. Na wewe umeona inavyochagua. Haianzi na wazee. Theluji huanza na ndama."

Kutoka barazani Léonce aliweza kuona mteremko, na pofu waliobaki wametawanyika juu yake, wadogo kama mchele uliomwagika.

"Kama ni hivyo," alisema mwishowe, "niko na masharti. Wasikimbizwe. Mnyama apigwe akiwa anakula, asijue kitu. Nyama yote iende kwa watu, hata mifupa. Na wale wawindaji wa pembe wasije tena kutuchukulia madume makubwa. Damu nzuri ibaki mlimani."

Kwamboka alimtafsiria mzee. Mzee alikubali, ingawa aliomba siku ya bunduki asiwepo.

Bado ulikuwepo uzio. Upande wa pili wa mto bonde halikuwa la Rennick; lilikuwa malisho ya kijiji cha akina Zondi, na neno la mwisho juu ya malisho hayo lilikuwa la mama mmoja mfugaji waliyemwita MaMbhele. Aliwapokea mbele ya zizi lake, hakuwakaribisha kukaa.

"Uzio huu uliwekwa bila kutuuliza," alisema, Zondi akitafsiri. "Sasa mnakuja kutuuliza kuutoa. Mnyama wa Mzungu atakuja kula majani ya ng'ombe wangu wakati wa baridi, aniletee na kupe. Mimi napata nini?"

Mzee Rennick alitazama kofia yake. Kwamboka alianza kueleza juu ya utafiti, akaona uso wa mama umefungwa, akaacha. Léonce alikuwa akitazama zizini.

"Yule mwekundu mwenye nyota, ana mimba ya miezi mingi," alisema. "Mguu wa nyuma unamsumbua."

MaMbhele alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe una ng'ombe?"

"Nilikuwa nao. Vita viliwamaliza."

Mama yule alimwita mwanawe alete viti.

Siku hiyo hawakuafikiana. Walirudi mara nyingine, na nyingine. Léonce aliusafisha ukwato wa ng'ombe mwekundu. Kisha alimwomba MaMbhele watembee pamoja bondeni, na hapo Kwamboka alimwonyesha vichaka ambavyo pofu huvila wakati wa baridi, vichungu, ambavyo ng'ombe huvipita bila kuvigeukia. Juu ya kupe mama hakukubali kirahisi, naye alikuwa na haki. Ikabidi mzee Rennick aahidi kulijenga upya josho la kijiji lililobomoka, na akalijenga kweli, kabla ya kuombwa tena. Nyama ya wanyama watakaopunguzwa ingekuja kijijini.

"Baridi moja," MaMbhele alisema, akiinua kidole. "Baridi moja tu. Nikiona mabaya, waya wenu mtaurudisha wenyewe kwa mikono yenu."

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, Léonce alichagua. Alitembea na kundi siku nyingi kwanza, akiwatazama meno wanapocheua, mbavu, mwendo, majike ambayo hayakuzaa tena, madume yenye kifua kibovu. Zondi ndiye aliyekuwa na bunduki, na shabaha yake haikuhitaji risasi ya pili. Kila Léonce alipoelekeza kidole, alitaja kwa sauti ya chini maneno ambayo baba yake aliyasema kwa ng'ombe wa sikukuu: asante, umetulisha. Baada ya yule wa kwanza alienda nyuma ya mwamba akatapika. Baada ya wa pili hakutapika. Hakuwahi kufika mahali pa kuizoea kazi ile, na Kwamboka alimwambia siku atakapoizoea amwambie, atafute mtu mwingine.

Kijijini walipika siku mbili. Mzee Rennick, aliyeomba asiwepo, alionekana jioni ya pili amekaa kati ya wazee wengine, sahani magotini.

Baridi ya tisini na nane ilichelewa, ikaja na hasira. Theluji ilianza kabla ya mapambazuko, na kulipokucha Léonce na Zondi walikuwa tayari pale chini mtoni. Waya ulikuwa umekwisha kutolewa, sehemu pana kuliko uwanja wa mpira. Bonde lilikuwa wazi mbele, vichaka vyeusi chini ya weupe. Kundi lilishuka, likafika pale uzio ulipokuwa, likasimama.

Halikuvuka.

Jike kiongozi alinyoosha shingo, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Nyuma yake wengine wakasongamana vile vile kama mwaka jana. Léonce alivuka mwenyewe kwenda na kurudi ili waone. Alitupa chumvi upande wa pili. Aliwaita kwa sauti zote za Masisi. Theluji ilizidi, na ndama wakaanza kuingia chini ya matumbo ya mama zao.

"Twende tukalete majani," Léonce alisema. "Robota moja tu, tuwavute."

"Hapana, mfowethu," alisema Zondi. "Hilo hapana." Alikuwa amechuchumaa, kimo cha ndama, akitazama kule wanakotazama wao. "Eish. Angalia. Waya tumetoa, nguzo tumeacha."

Kweli, nguzo za mbao zilikuwa bado zimesimama mstari mmoja, kila moja na kofia ya theluji. Kwa pofu aliyezaliwa ndani ya uzio, palipo na nguzo pana waya. Hata asipouona, anajua utamkata.

Hawakuwa na zana isipokuwa koleo moja na kamba. Walichimba, wakasukuma, wakakumbatia nguzo na kuzitikisa kama watu wanaopigana mieleka. Léonce alichunika viganja hadi damu ikaganda kwenye mpini. MaMbhele aliwaona kutoka ng'ambo, na baada ya kitambo walimsikia akifoka, akiteremka na wanawe, ng'ombe wawili wa jembe na mnyororo. Hakusalimia. Alifunga mnyororo kwenye nguzo iliyofuata, akawachapa ng'ombe, nguzo ikang'oka kama jino. Zikafuata nyingine, mpaka mstari ukawa mfupa usio na meno.

Kisha wote wakakaa pembeni, kimya, pumzi zikifuka.

Jike kiongozi alikuja tena. Alinusa shimo la nguzo. Akainua mguu mmoja juu sana, kama mtu anayeruka kizingiti kisichoonekana, akaushusha upande wa pili. Hakuna kilichomkata. Akavuka. Na nyuma yake kundi likamiminika, majike, ndama, madume makubwa yenye shingo nene nyuma kabisa, kila mmoja akiinua miguu juu pale pale, wakashuka kwenye vichaka na kupotea. Sauti iliyobaki ni ya matawi yakivunjika na wanyama wakitafuna.

Zondi alivua kofia. Léonce alimkumbatia ng'ombe wa MaMbhele shingoni badala ya mtu yeyote.

Haikuwa kwamba hakufa hata mmoja. Baridi ilichukua wachache, na ndama wawili watatu kati yao. Tena mwezi wa nane dume mmoja aliingia kwenye shamba la kabichi la MaMbhele na kulitandaza chini, na maneno aliyowapa mama siku hiyo, Zondi alikataa kuyatafsiri. Wote walikwenda kupanda upya, mzee Rennick pamoja nao, mgongo wake ukilia. Lakini mvua zilipokuja, majike yalipanda mlima yakiwa na miili, na ndama waliozaliwa mwezi wa kumi walisimama haraka, miguu minene. Kwamboka aliwatazama kwa darubini ya mzee, akairudisha, akaingia ndani kuchemsha chai, na Léonce akamsikia akiimba wimbo wa Kikisii jikoni.

MaMbhele alipoulizwa kuhusu baridi nyingine, alisema bado anafikiri. Alisema hivyo akiwa amekwisha kuwatuma wanawe kuzikata zile nguzo kuni.

Mwaka tisini na tisa Kwamboka alimaliza masomo akarudi Kenya. Kabla ya kuondoka alimfundisha Léonce kila alichoweza, kusoma kinyesi kwa hadubini, kupima mafuta yaliyozunguka figo, kujua umri wa pofu kwa jino, hata lile taya lililomshinda Morningside. Mzee Rennick alimwomba Léonce alishike kundi, yeye na Zondi, kwa miaka yote itakayokuja. Léonce alikubali, ila Henriette alikataa katakata kuhamia mlimani. Wakati huo alikuwa na saluni yake ndogo, na wateja waliomfuata hadi kutoka Pinetown. Kwa hiyo Léonce alikuwa akishuka Durban kila baada ya wiki mbili, na Henriette alisema harufu yake imerudi, ingawa si ya maziwa. Ni ya kitu asichokijua bado.

Mwezi wa kumi na moja alikwenda kukijua. Alipanda taxi ya alfajiri na Glody, amevaa viatu visivyofaa, amebeba sufuria la pondu, kisamvu cha kwao, aliloliviringishia kitambaa, kwa kuwa hakuwa na imani na chakula cha watu wa milimani. Zondi aliwachukua stendi. Mchana walikuwa wamekaa kwenye majani juu ya mteremko, na kundi lilikuwa mbele yao, karibu kuliko alivyotarajia. Ndama walikuwa wakikimbizana bila sababu.

"Iko wakubwa hivi?" alisema Henriette. "Hukuniambia iko wakubwa hivi."

Glody alitaka kujua yule mdogo wa pembeni anaitwaje. Léonce alisema hawapewi majina.

"Kwa nini?"

Henriette alimtazama mumewe usoni, akaelewa.

"Mwaka kesho pia utachagua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kila mwaka."

"Na hii mwaka, baridi ilipofika, ndama walikufa?"

"Mmoja. Alianguka mwambani."

Upepo ulishuka kutoka juu ukiwa na ubaridi ndani yake, ijapokuwa jua lilikuwa kali. Henriette alivuta kanga mabegani, akafungua kitambaa, akaanza kupakua, ya Glody kwanza, kisha ya Zondi, ambaye alikuwa akiijongelea sufuria huku akijifanya anatazama kundi.